Maneno gani ya msingi kwa somo la uhuru wa Tanganyika? (madaraka, udhamini, kura tatu, kipande...)

Darasa la Jioni

Wakuu, salaam.

Naomba msaada wa kuchagua maneno. Kuna darasa la watu wazima 22 wanaosoma historia ya kudai uhuru wa Tanganyika, vipindi vinne vya dakika 80 kila kimoja. Matukio hayawasumbui. Chama cha TANU kilizaliwa 7 Julai 1954, uhuru ukaja 9 Desemba 1961, hayo yote wanayo kichwani. Kinachowakwamisha ni istilahi. Ukiwaambia kwamba Septemba 1960 Tanganyika ilipata serikali ya madaraka, nusu ya darasa inaandika kwamba nchi ilikuwa imeshakuwa huru. Neno "koloni" wanalitandaza kuanzia 1885 hadi 1961. "Kura tatu" wanadhani ni uchaguzi uliorudiwa mara tatu. Na wakikutana na "kipande" wanaeleza kile cheti cha kuvaa shingoni, ambacho ni habari ya Kenya.

Maneno yapi ni ya lazima, yafundishwe kwa mpangilio gani, na makosa gani niyategemee? Maelezo yawe ya Kiswahili, maana wengi wao Kiingereza kinawapa shida.

---

Mkutubi

Mwalimu, usipange maneno kwa alfabeti. Anza na hadhi ya nchi, yaani Tanganyika ilikuwa kitu gani mbele ya sheria katika kila kipindi. Maneno mengine yote yananing'inia hapo.

Iliyotangulia ni kampuni. Mjerumani Carl Peters alikusanya mikataba Usagara na maeneo ya jirani mwishoni mwa 1884, na Februari 1885 Kaiser, yaani mfalme wa Ujerumani, akaipa kampuni yake hati ya ulinzi. Kwa hiyo maneno ya mwanzo ni mkataba, hati na kampuni. Asiyejua kwamba waliotangulia walikuwa watu wa kampuni hataelewa kwa nini pwani iliwaka moto 1888. Maofisa wa kampuni walikuja kupandisha bendera yao na kukusanya ushuru wa forodha Pangani na bandari nyingine, na Abushiri bin Salim akaongoza upinzani. Kampuni ikazidiwa, serikali ya Ujerumani ikaleta jeshi, Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889, na kuanzia 1 Januari 1891 serikali yenyewe ikashika utawala. Hapo sasa neno koloni linakaa mahali pake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza neno linabadilika, na hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu. Ujerumani ilinyang'anywa makoloni. Mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa likaikabidhi Uingereza nchi hii iishike kwa dhamana. Mwaka 1946 Umoja wa Mataifa, ambao wazee wetu waliuita UNO, ukaiingiza katika nchi za udhamini. Vitabu vingi hutumia "udhamini" kwa vipindi vyote viwili, ndiyo sababu wanafunzi huchanganya Shirikisho la Mataifa na Umoja wa Mataifa. Nashauri darasani mtenganishe: dhamana kwa 1922 hadi 1946, udhamini kwa 1946 hadi 1961. Waambie waziwazi kwamba huo ni mpango wenu wa kurahisisha somo, wasishangae wakikuta kitabu kimeandika vingine.

Tofauti hii ina uzito gani? Mdhamini si mwenye mali. Anaishika kwa niaba, na ana wa kumtolea hesabu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu cha 76, ulitaja kujitawala au uhuru kuwa miongoni mwa malengo ya udhamini, na kifungu cha 87 kikaruhusu wananchi kupeleka maombi na Umoja wa Mataifa kutuma ujumbe wa ukaguzi. Kwa hiyo ongeza maneno matatu: Baraza la Udhamini, mleta maombi, ujumbe wa ukaguzi. Wameru wapatao 3,000 walipohamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi yao wapewe Wazungu, Kirilo Japhet alikwenda New York 1952 kama mleta maombi. Nyerere naye alisimama mbele ya Baraza la Udhamini 7 Machi 1955. Ujumbe wa ukaguzi uliofika 1954 ulisema Tanganyika ingeweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Ikachukua saba. Mwananchi wa Kenya, iliyokuwa koloni la Mfalme tangu 1920, hakuwa na mlango huo.

Kisha zinakuja ngazi nne za mwisho. Hizi zifundishe kwa jedwali. Chora safu tano: mkuu wa nchi, kiongozi wa serikali, sheria za ndani, ulinzi, mambo ya nje. Mistari iwe minne:

Septemba 1960, serikali ya madaraka. TANU imeshinda viti 70 kati ya 71 katika uchaguzi wa Agosti. Nyerere ni Waziri Kiongozi, mawaziri wengi wanatoka kwa wajumbe waliochaguliwa, lakini Gavana Richard Turnbull bado ana neno la mwisho.

Mei 1961, serikali ya ndani. Nyerere anaitwa Waziri Mkuu, mambo ya ndani yako mikononi mwa mawaziri. Ulinzi na mambo ya nje bado ni vya Uingereza.

9 Desemba 1961, uhuru. Ulinzi na mambo ya nje vinakabidhiwa, na siku chache baadaye Tanganyika inaingia Umoja wa Mataifa. Mkuu wa nchi bado ni Malkia Elizabeth, na Turnbull anamwakilisha kwa cheo kipya cha Gavana Mkuu.

9 Desemba 1962, jamhuri. Malkia anaondoka katika safu ya kwanza, Rais anaingia.

Angalieni mtego mmoja. Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962 na nafasi ikachukuliwa na Rashidi Kawawa. Kwa hiyo karibu mwaka wote wa 1962 aliyeongoza serikali ya nchi huru ni Kawawa, na anayejaza jina la Nyerere tangu 1960 hadi mwisho atakuwa amekosea mstari mzima.

Wakijaza jedwali hilo wenyewe, kwa penseli, mkanganyiko wa madaraka na uhuru unaondoka, kwa sababu wanaona kwa macho kisanduku cha ulinzi kikiwa bado kimeandikwa "Uingereza".

---

Sanduku la Kura

Nakubaliana na Mkutubi kuhusu jedwali. Mimi niseme kuhusu kura tatu, maana wanafunzi huikariri kama jina bila kujua ilivyofanya kazi.

Tangu 1955 Baraza la Kutunga Sheria, ambalo vitabu vya shule huliita LEGCO, lilikuwa na wajumbe 30 wa kuwakilisha wananchi: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Mwambie mwanafunzi aweke namba hizo karibu na idadi ya watu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu takriban 20,000. Hapo neno "usawa wa viti" linajieleza, na ataona kwa nini TANU ililipinga.

Serikali ilipokubali uchaguzi, iligawa nchi katika majimbo 10, kila jimbo viti vitatu, kimoja kwa kila kundi. Mpiga kura aliingia kituoni mara moja na karatasi yake akaweka alama tatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Alama mbili tu? Karatasi imeharibika, haihesabiwi. Hiyo ndiyo maana ya kura tatu. Mtu hangeweza kumchagua Mwafrika peke yake akaondoka. Uchaguzi wenyewe uligawanywa katika awamu mbili, majimbo matano Septemba 1958 na matano Februari 1959. Nadhani wanaosema "uliorudiwa" wameisikia hiyo habari ya awamu wakaichanganya na jina.

Usiache neno "sifa za mpiga kura". Ilibidi uwe na umri wa miaka 21 au zaidi, na pamoja na hilo uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la 8, au cheo kilichotajwa katika sheria. Pauni moja ilikuwa shilingi 20 za Afrika Mashariki, kwa hiyo ni shilingi 3,000 kwa mwaka. Wape hesabu hiyo waifanye, wagawe kwa miezi 12, wapate shilingi 250 kwa mwezi. Mkulima wa kawaida na kibarua wa mkonge walibaki nje, pamoja na wanawake wengi.

Ndipo "Uamuzi wa Busara" unapoeleweka. Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU Tabora ulibishana: tususie uchaguzi huu wa kibaguzi au tuingie? Maneno mawili yanayopingana hapa ni kususia na kushiriki. Hoja ya kushiriki ilikuwa kwamba TANU ikijitoa, viti vitachukuliwa na UTP, chama kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za Gavana Twining, kisha serikali iseme ndio wawakilishi wa wananchi. Waliotaka kususia hawakuwa vibaraka, na msiwafundishe hivyo. Walikataa mfumo wa rangi kwa msimamo kamili. Zuberi Mtemvu alitoka akaanzisha chama chake cha ANC, cha Tanganyika. TANU ikaingia, ikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana na sera yake, watu kama Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson, na upande wake ukashinda.

Kosa la mwisho: msiseme watu hao walisimamishwa kama wanachama wa TANU. Wakati huo uanachama ulikuwa wa Waafrika tu. Sema "waliungwa mkono na TANU".

---

Mvita

Hamjambo wenzangu. Nawaandikia kutoka upande wa Kenya kwa sababu mkanganyiko mwingi unatoka kwetu, maneno yale yale yakibeba mambo tofauti.

La kwanza ni madaraka. Siku ya Madaraka ya Kenya ni 1 Juni 1963, Jomo Kenyatta alipokuwa Waziri Mkuu na nchi ikapata serikali ya ndani. Ukilinganisha na jedwali la Mkutubi, hiyo ni sawa na Mei 1961 ya Tanganyika, si Septemba 1960. Neno moja, ngazi mbili. Mwanafunzi akisoma kitabu cha Nairobi na cha Dar es Salaam kwa pamoja lazima ajikwae. Kisha uhuru wetu ni 12 Desemba 1963, na jamhuri 12 Desemba 1964. Nchi zote mbili zilingoja mwaka mmoja kamili kati ya uhuru na jamhuri, tarehe ile ile. Hilo huwasaidia kukumbuka.

La pili ni kipande. Kwetu kilikuwa cheti cha utambulisho kwa wanaume Waafrika kuanzia miaka 16, chenye alama za vidole na jina la mwajiri. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya vita, karibu 1920. Kilitiwa katika kijikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, huwezi kuajiriwa kwingine, na ukiondoka ni kosa la jinai.

Maneno mengine ambayo ni ya Kenya na hayafai kubandikwa Tanganyika ya miaka ya 1950: hali ya hatari (ilitangazwa 20 Oktoba 1952, ikaondolewa Januari 1960), kizuizini, amri ya kutotoka nje, msituni, homgadi (askari wa kienyeji waliosaidia serikali). Tanganyika haikuwa na vita vya msituni wakati wa TANU. Pia kuna neno walowezi, yaani Wazungu waliohamia kukaa na kumiliki ardhi. Tanganyika walikuwako, Arusha, Kilimanjaro na Iringa, lakini si kwa wingi wala nguvu ya wale wa nyanda za juu za Kenya, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya njia mbili kutofautiana. Kwa hiyo "mkoloni" na "mlowezi" wasiyafanye visawe. Gavana Twining alikuwa mkoloni, hakuwa mlowezi. Mwenye shamba la kahawa Arusha alikuwa mlowezi hata kama hakushika cheo chochote serikalini.

---

Mkonge

Ahsante Mvita kwa hilo la kipande, nami nikamilishe upande wa pili. Tanganyika kipande kilikuwapo, ila kilikuwa kadi ya kazi. Katika mashamba ya mkonge, tangu enzi za Wajerumani, kibarua alipewa kadi yenye nafasi 30. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa iliwekwa alama. Mshahara ulilipwa kadi ikijaa, hata kama kwa ugonjwa au mvua imechukua zaidi ya mwezi. Siku ambayo hakumaliza fungu lake la kazi haikuandikwa. Kwa hiyo "mshahara wa kipande" si mshahara wa mwezi, na wanafunzi wakilinganisha mishahara ya mkonge na ya mjini bila kujua hili watapata majibu ya ajabu.

Neno linalokwenda nalo ni manamba, vibarua waliokusanywa mbali na kuletwa mashambani kwa mkataba, waliotambuliwa kwa namba badala ya majina. Linatumika hadi leo kwa maana ya mtu anayetumikishwa bila heshima, na mwanafunzi akijua lilikotoka ataliheshimu.

Mimi naona hatari moja katika mpangilio wenu hapo juu, nauleta kwa nia njema. Maneno ya Mkutubi na Sanduku la Kura yote ni ya juu: mabaraza, magavana, New York. Mwanafunzi atamaliza vipindi vinne akidhani uhuru ulidaiwa na watu wa suti tu. Tengeni angalau theluthi ya maneno kwa yale ya chini.

Enzi ya Mjerumani: liwali mjini pwani, akida juu ya kundi la vijiji, jumbe kijijini. Boma, ambalo ni ofisi na ngome ya wilaya. Bwana Shauri, ofisa wa wilaya aliyesikiliza kesi. Kodi ya nyumba, iliyowalazimisha watu kutafuta fedha taslimu, na penye fedha taslimu palikuwa shambani kwa mzungu au katika zao la biashara. Kiboko na "hamsa ishirini", viboko 25. Pamba ya kulazimishwa kusini, ambayo ndiyo iliyowachosha Wamatumbi hadi Julai 1905 vita vya Majimaji vikaanza.

Enzi ya Mwingereza: utawala kupitia machifu, uliopangwa na Gavana Donald Cameron kuanzia 1925, na sheria yake ikatoka 1926. Waelezeni kwamba chifu alikuwa katikati. Alikusanya kodi na kuendesha baraza la wenyeji, lakini aliweza kuondolewa na DC, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili likaja neno ambalo halimo katika vitabu vingi vya mtihani, na ni kosa kubwa: matuta. Serikali ilitaka kuzuia mmomonyoko wa udongo, ikatumia sheria ndogo kulazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani. Uluguru kazi hiyo ilikuwa nzito, iliangukia sana wanawake, na tuta likikatwa vibaya udongo wa juu wenye rutuba unafukiwa na wa chini usiozaa unabaki juu. Watu wakakataa. Mwaka 1955 ghasia zikazuka na mtu akauawa kwa risasi. Usambara walikuwa na mgogoro wa aina hiyo hiyo, na Usukumani yalikuwa masharti ya mifugo na ya kilimo. TANU ilipofika vijijini ilikuta watu tayari wana kauli: tumechoka na matuta. Kadi za chama ziliuzika kwa sababu hiyo.

---

Mkutubi

Mkonge, umesema kweli, nakubali. Sheria ndogo, matuta na kipande viingie. Na mgomo pia. Wapagazi na makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma Septemba 1947 na mgomo ukaenea kufuata njia ya reli. Vyama vya wafanyakazi vilikuja kuwa nguzo ya TANU, na Kawawa mwenyewe alitokea huko.

---

Shangani

Naomba neno moja kuhusu Zanzibar, kwa kuwa wanafunzi wa bara huiingiza ndani ya hadithi ya Tanganyika kana kwamba ilikuwa mkoa wake.

Zanzibar haikuwa koloni wala nchi ya udhamini. Ilikuwa himaya ya Uingereza tangu 1890, Sultani akibaki kwenye kiti na Muingereza akiwa ndiye mwenye nguvu kupitia Balozi Mkaazi. Miaka kuanzia uchaguzi wa Julai 1957 hadi 1963 huku tunaiita zama za siasa. Maneno yake ni majina ya vyama: Hizbu (chama cha ZNP), ASP na ZPPP. Serikali ya ndani ilianza 24 Juni 1963, uhuru 10 Disemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili 1964. Tafadhalini msiandike "Tanzania ilipata uhuru 1961". Mwaka huo Tanzania haikuwapo. Ni kosa dogo la kalamu lenye maudhi makubwa kwa Mzanzibari.

Na jihadharini na "himaya" lenyewe, maana linatumika pia kwa dola kubwa, kama himaya ya Waingereza. Kila linapotokea mwambie mwanafunzi aulize: hapa ni nchi iliyo chini ya ulinzi wa mwingine, au ni dola inayotawala wengine?

---

Sarufi Kwanza

Mmeshughulikia majina. Vitenzi je? Mwanafunzi hukosea zaidi kwenye kitenzi kuliko kwenye jina.

Kudai uhuru, kupigania uhuru, kupata uhuru, kupewa uhuru, kunyakua uhuru. Hivi havibadilishani. "Kudai" ni hoja, mikutano, maombi, kura, na ndicho kinachoielezea TANU vizuri zaidi. "Kupigania" kinabeba yote, ya silaha na ya maneno, lakini lazima kiwe na hiyo "-ia". Wengi huandika "walipigana uhuru", ambayo haina maana, kwani kupigana ni watu wawili kutwangana. "Kupewa" kinamfanya mtawala kuwa mtoaji na mwananchi mpokeaji. Mwanafunzi akikitumia, mwulize: nani alitoa, na kwa nini alitoa mwaka huo badala ya miaka 25 baadaye? Akiweza kujibu kwa hoja, kitenzi chake kibaki. Akishindwa, aandike "kupata".

Tofautisha pia kutawala, kutawaliwa na kujitawala. Andika vitatu hivi ubaoni pamoja na ngazi za Mkutubi. Mei 1961 nchi ilikuwa inajitawala katika mambo ya ndani lakini haijawa huru. Sentensi hiyo moja wakiweza kuiunda wenyewe, wamefika.

Ngeli nazo. Beberu huwa mabeberu, na maana yake ya mwanzo ni mbuzi dume, kwa hiyo ni neno la kushambulia, halifai katika aya ya maelezo ya tarehe na sheria. Kibaraka huwa vibaraka, ila ni mtu, hivyo upatanisho ni wa mtu: "kibaraka huyo alisema", si "kibaraka hicho kilisema". Koloni ni makoloni. Mkoloni ni wakoloni. Ukoloni hauna wingi, na "maukoloni" nimeyaona kwenye madaftari.

Kwa vipindi vinne nisingepita maneno 32, manane kwa kipindi. Kila neno lipate kadi. Mbele neno lenyewe, nyuma mambo matatu tu: miaka linapotumika, mtu au mahali pamoja pa kweli, na sentensi moja ambayo lingekuwa kosa. Mfano, kadi ya udhamini: 1946–1961; Kirilo Japhet, New York 1952; kosa, "Wajerumani walitawala Tanganyika kwa udhamini". Hiyo sentensi ya kosa ndiyo inayofundisha. Kadi zenye maana peke yake hukaririwa Jumatatu na kusahaulika Ijumaa. Dakika 15 za mwisho wa kila kipindi wachanganye kadi na kuzipanga kwa miaka bila kutazama nyuma. Zitakazogombaniwa ziweke pembeni, kipindi kinachofuata kianze nazo.

---

Darasa la Jioni

Nawashukuru sana wote. Nimeanza kuandika kadi. Maswali mawili. Majimaji niandike "uasi" au "vita"? Na hii ndiyo rasimu ya kadi nane za kipindi cha tatu, naomba mzikague: matuta (Uluguru, 1955), mgomo (bandari ya Dar es Salaam, 1947), mleta maombi (Nyerere, 7 Machi 1955), LEGCO (Waafrika wa kwanza kuteuliwa, 1945), usawa wa viti (1955), kura tatu (1958 na 1959), sifa za mpiga kura (pauni 150 au darasa la 8), Uamuzi wa Busara (Tabora, 1959).

---

Mkutubi

Vita. Mtu huasi mamlaka anayoikubali kuwa halali, na neno "uasi" linatoka katika ripoti za maofisa wa Kijerumani waliowaona Wamatumbi na Wangoni kuwa raia wakaidi. Lakini kadi iwe na maneno yote mawili, na nyuma uandike nani alitumia lipi, kwa sababu watakutana na "uasi" katika vitabu na wasipoonywa watadhani ni matukio mawili. Hivyo hivyo kwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani: Lugalo, Agosti 1891, ni vita. Uhehe ilikuwa dola yenye jeshi lake.

Kuhusu 1945 uko sawa, walikuwa machifu wawili, Abdiel Shangali na Kidaha Makwaia. Waliteuliwa na Gavana, hawakuchaguliwa, kwa hiyo ongeza neno "kuteuliwa" upande wa mbele wa kadi, kwa herufi kubwa.

---

Sanduku la Kura

Kadi ya nane ina kosa. Mkutano wa Tabora ulikuwa Januari 1958, kabla ya uchaguzi. Ukiuacha 1959 utakuwa umeamua kuingia kwenye uchaguzi ambao awamu yake ya kwanza imeshapita. Na kwenye kadi ya saba ongeza umri wa miaka 21.